Kumminya Karani wa Chai

Tusekile Mwambene alikuwa na domo, na domo lile ndilo lililomlisha. Kila alipomaliza gemu mpya alikaa mbele ya kipaza sauti nyumbani kwake Uyole, akasema alichokiona bila kumung'unya maneno, na kutoka Mbeya mpaka Mtwara watu wakatega masikio. Gemu za makampuni makubwa alizipa za uso siku zote. Alisema zina mbingu nzuri, maji mazuri, farasi wa kutamanisha, na ndani yake hakuna mtu. Alichopenda ni gemu ndogo, zile za mtu mmoja na kompyuta yake chumbani, kwa sababu humo unakuta alama ya mkono wa aliyetengeneza: mlango unaofungukia upande usio wake, mbwa aliyepakwa rangi na mtu ambaye ni wazi hajawahi kufuga mbwa.

“Mimi nipeni gemu yenye makosa yake,” alikuwa akisema. “Iliyonyooka sana nawaachia wenye haraka.”

Zamani gemu ndogo zilikuwa na ugonjwa mmoja mkubwa. Mtengenezaji hana waandishi wala waigizaji, basi muuza duka wa gemu yake anajua sentensi nne, ukimwuliza la tano anakurudishia la kwanza. Wachambuzi waliwaita watu wa namna hiyo karatasi. Ndipo ikaja programu iitwayo Kinu, na kila mwenye kompyuta na ndoto akaikimbilia. Kwenye Kinu humwandikii mtu maneno. Unatafuta mtu mmoja hai akubali kuwa mbegu, muuguzi wa kampuni anampandikizia punje nyuma ya sikio, ndogo kama punje ya ulezi, na baada ya majuma machache mtu huyo yumo ndani ya gemu yako. Anapika, ananuna, anakumbuka ulichomwambia. Kampuni ilisema kinachochukuliwa ni tabia tu, namna mtu anavyocheka na anavyokasirika. Tusekile aliamini, akaisifu Kinu kuliko mchambuzi yeyote nchini.

Lakini hakumsifu mtu wa ndani ya gemu kabla ya kumminya. Hiyo ilikuwa desturi ya wachambuzi, na wachezaji waliiga. Kuminya ni kumwibia mbuzi wake, kumvunjia chungu, kumtukana mbele za watu, uone kama atavumilia kama mtu au ataanza kurudiarudia maneno kama karatasi. Tusekile alikuwa bingwa wa kuminya. Wapo waliomsikiliza kwa ajili hiyo tu.

Asubuhi alipofungua Mzani wa Chai alivaa miwani yake ya kuchezea, kikombe cha maziwa ya moto kikiwa mkononi. Gemu ilikuwa ya kijana mmoja wa Tukuyu aitwaye Gwamaka Mwaipopo, ambaye hakuna aliyepata kumsikia. Ndani yake wewe ni mkulima. Unabeba gunia la majani mabichi kwenye mvua mpaka banda la kupimia, na karani anakupimia. Basi, ndiyo gemu nzima. Karani alikuwa mama wa makamo mwenye sweta la kijani lililolegea mikono.

“Binti, haya majani umeyaloweka makusudi,” alisema karani akiinua konzi moja na kuikamua. “Mimi nanunua chai. Maji ninayo ya mvua.”

Tusekile akacheka. Akapindua gunia chini. Karani akamtazama, akamwambia ayaokote mwenyewe maana mgongo wake si wa serikali. Tusekile akamwita mwizi mbele ya wakulima wengine. Karani akasema angekuwa mwizi angekuwa na sweta jipya, na foleni nzima ikaangua kicheko. Alikuwa mtu hasa. Tusekile akasisimka kama mwindaji. Akaokota majani yake, akayaweka kwenye mzani, akaamua kumminya karani mpaka mwisho.

“Mama, una mtoto?”

“Ninaye kijana. Mmoja tu, na ananitosha kwa kelele.”

“Nimetoka kumwona. Lori la majani limepinduka kule Kiwira. Amekufa, mama.”

Karani hakupiga kelele. Mkono wake ulikuwa bado juu ya mzani, akangoja mshale utulie, akamsomea Tusekile kilo zake kwa sauti ya kawaida, kwa sababu majani ya mtu yakishawekwa lazima yapimwe. Kisha akavua sweta, akalikunja, akaliweka mahali pakavu. Akaketi kwenye matope akaanza kuita jina. “Gwamaka,” aliita. “Gwamaka we. Gwamaka.”

Tusekile alijua hilo ni jina la mtengenezaji. Akadhani kijana amejichomeka mle kwa utani, kama watengenezaji wengi wanavyofanya. Alivua miwani akakuta machozi yamemfika kidevuni, na akafurahi, maana ilikuwa miaka tangu gemu imlize. Mchana ule ule aliwaambia wasikilizaji wake kwamba huyo ndiye mtu wa kweli kuliko wote aliowahi kuwaminya.

“Msiniamini mimi,” alisema. “Nendeni mkamwambie kijana wake kafa. Mtaona.”

Wakaenda. Wakaenda kwa maelfu.

* * *

Mvua za masika zilikuwa zimekwisha Gwamaka alipobisha hodi Uyole. Alikuwa kijana mrefu aliyekonda, shati limefungwa kifungo mpaka shingoni. Tusekile alimkaribisha kwa bashasha, kwa sababu Mzani wa Chai sasa ilikuwa kwenye rafu kuu ya Kinu, mahali gemu ndogo hazifiki, na ni yeye aliyeipandisha. Alidhani kijana ameleta shukrani. Akamwandalia chai.

Gwamaka hakuigusa. “Dada, samahani, nina swali moja. Ni wewe uliyekuwa wa kwanza kumwambia mama yangu kwamba nimekufa?”

Tusekile akatabasamu nusu, akidhani ni mzaha wa watengenezaji. “Yule karani?”

“Yule karani ni mama yangu. Jina lake Subilaga. Alikuwa karani wa chai kweli, mpaka alipostaafu.”

“Ndiye mbegu yako?”

“Nani mwingine angekubali kuwekewa kitu kichwani kwa ajili ya gemu ya mtu asiye na jina? Nilimwomba, akasema sawa mwanangu, kama itakusaidia. Waulize wenzangu wote, dada. Mbegu za gemu ndogo ni mama zetu.”

Tusekile akarudisha kikombe chake mezani. Zikampitia kichwani sura za wote aliowaminya tangu Kinu ije: muuza maandazi, mkunga, bibi wa kwenye kivuko, mpishi wa shule. Aliwasifu wote kwa neno lilelile, uvumilivu. Alikuwa amejiuliza mara moja tu kwa nini watu wa gemu ndogo ni wavumilivu hivyo, akajijibu kwamba Kinu ni programu bora.

Gwamaka alieleza taratibu, kama mtu aliyekwisha kueleza jambo hilo kwa wengi na kufukuzwa. Watu hudhani kila mchezaji anapewa karani wake mpya. Umeme wa kufanya hivyo ni ghali, kampuni haikuukubali. Karani ni mmoja, wachezaji wote wanakutana na huyo huyo, na kila mmoja akitoka, Kinu inafunika yaliyotokea ili mwingine amkute mchangamfu. Inafunika, haifuti. Kilichofunikwa kinazama chini, kinakaa na wenzake. Na ile punje nyuma ya sikio haichukui tu. Mama akilala, inarudisha.

“Siku ile uliyozungumza, kesho yake asubuhi aliamka analia,” alisema Gwamaka. “Nikamwambia mama umeota, mimi huyu hapa. Akacheka, akanifinya shavu. Siku iliyofuata akalia tena. Kila siku nilikuwa namfuta machozi na kila siku kicheko kinachelewa. Mpaka kikaacha kuja.”

“Si uing'oe hiyo punje!”

“Daktari amekataa. Gemu ikiwa wazi, ukiing'oa, nusu ya mama inabaki huko. Ifungwe kwanza.”

“Basi ifunge.”

“Siwezi, dada. Gemu ikishapanda rafu kuu, mtengenezaji hana mamlaka ya kuifunga maadamu kuna watu wanaicheza. Kampuni nimeiandikia, wamenijibu kwamba wanafurahi kuona gemu yangu inagusa mioyo.”

Tusekile alikuwa amesimama bila kujua. Aliona aibu, na aibu ikamfanya awe na haraka. Alisema atakwenda Tukuyu mara moja, amwambie mama yule kwa kinywa chake kwamba alidanganya. Aliyewasha moto na auzime. Gwamaka alimtazama kwa huruma ambayo hakuielewa mpaka walipofika.

* * *

Uani kwa Bi Subilaga kulikuwa na mikeka ya msiba. Ilikuwa imetandikwa muda mrefu kiasi kwamba nyasi za chini yake zilikuwa zimegeuka njano. Majirani walikuja mwanzoni, wakamwonyesha mwanawe aliye hai, wakaombea, wakachoka. Sasa alikaa peke yake, kichwa amekinyoa, khanga kiunoni, na sweta la kijani begani.

“Shikamoo, mama,” alisema Tusekile.

Mama aliinua uso haraka. Alifumba macho kidogo akisikiliza, kama mtu anayeonja kitu.

“Marahaba. Hebu sema tena.”

“Shikamoo.”

“Ni wewe,” alisema Bi Subilaga, na mikono yake miwili ikamshika Tusekile mkono. “Sauti yako naijua. Wewe ndiye uliyeniletea habari kwanza. Kaa, mwanangu, kaa. Wengi wamekuja baada yako, lakini wa kwanza ni wewe. Ungeweza kupita ukaniacha nimsubiri. Asante sana.”

Tusekile alitamani ardhi ipasuke. Katika maisha yake ya kuponda watu hakuwahi kushukuriwa namna ile. Gwamaka alitoka jikoni na sinia la viazi, akaliweka mkekani, na mama akamshukuru kwa upole, kisha akamnong'oneza mgeni: “Kijana mwema huyu. Ananihudumia kama wa kwangu. Hata sura wamefanana, kuna wakati inanichoma kumtazama.”

“Mama, nisikilize.” Tusekile alipiga magoti. “Nilidanganya. Hakuna lori lililopinduka. Mwanao hakufa. Ni huyu hapa, Gwamaka wako ni huyu.”

Alitegemea mshtuko, au hasira, hata kofi. Mama alimpapasa mgongo tu, kama unavyombembeleza mtoto aliyejikwaa.

“Wengine pia huniambia hivyo,” alisema. “Wananiacha nilie, halafu wanarudi wananiambia ni uongo mama, yu mzima, tulikuwa tunakujaribu. Mimi nafurahi. Nasimama, nacheza pale pale bandani, wao wananitazama. Nikishafurahi sana wananiambia tena kwamba amekufa. Hiyo ya pili ndiyo inayoua, mwanangu. Usinifanyie na wewe. Wewe ulikuwa mkweli.”

Tusekile hakujua habari hiyo. Wachezaji walikuwa wameiboresha desturi yake: waliita kuminya mara mbili, wakashindana nani atamfanya karani acheze zaidi kabla ya kumwangusha. Ukweli aliosafiri nao kutoka Uyole ulikuwa umekwisha kutumiwa na maelfu ya watu, haukuwa na kazi tena. Alikula kiazi alichopewa kwa sababu mama alimtazama mpaka akakimeza.

* * *

Walikaa nyuma ya jiko, yeye na Gwamaka, kwenye matofali.

“Nimefikiri njia moja,” alisema Gwamaka. “Niweke punje mimi pia. Niingie mle gemuni, niwe kijana wa karani. Wakimwambia nimekufa, ananiona nimesimama.”

“Watakuua mbele yake,” alisema Tusekile. “Nawajua. Watakuua kila siku kwa namna mpya, na wewe utakuwa unaamka nayo.”

Kijana hakubisha. Alikuwa ameshalifikiria hilo na bado alikuwa tayari, na hilo lilimuumiza Tusekile kuliko lawama yoyote.

Kulikuwa na njia nyingine mbili, na zote zilipita kinywani mwake. Angeweza kusema ukweli. Angewasha kipaza sauti, akawaambia wasikilizaji kwamba watu wa Kinu wanaumia, kwamba ni mama wa watu, kwamba yeye ndiye aliyewafundisha kuminya. Ulikuwa wajibu wake na aliuona wazi. Mle Kinu mlikuwa na mama wengi mno, na ungekuwa mwanzo wa kuwatoa. Lakini kwanza wangekimbilia Mzani wa Chai, kundi kubwa kuliko la mwanzo, kwenda kumtazama karani anayeumia kweli. Baadhi wangekwenda kumwomba radhi, na radhi zenyewe zingekuwa uchezaji. Miezi ingepita kabla kampuni haijatikiswa. Bi Subilaga asingeifikisha hiyo miezi. Alikuwa amekwisha kuacha kula isipokuwa akiwa na mgeni.

Njia ya pili ilikuwa uongo. Gemu isiyo na mchezaji Kinu huilaza yenyewe, na iliyolazwa imefungwa. Na Tusekile alijua kitu ambacho wachambuzi wengi hawajui: kuwaambia wachezaji gemu ni mbaya hakuwafukuzi, kunawavuta, waende kuuona ubaya. Kinachowafukuza ni kuambiwa imepitwa. Ilibidi aseme kwamba karani ni karatasi.

“Nikishasema hivyo,” alimwambia Gwamaka, “sitaweza tena kusema ni mtu. Hao mama wengine sitakuwa na kinywa cha kuwatetea. Nani ataniamini?”

“Najua.”

“Na wewe jina lako litakufa. Watasema ulighushi. Hakuna atakayegusa gemu yako tena.”

“Dada,” alisema Gwamaka, “hao mama wengine wana watoto wao. Mimi nina huyu mmoja.”

Tusekile alimwona kuwa amekosea, na alijua kwamba angekuwa yeye angesema hivyo hivyo. Alitafuta mtu wa kumsaidia kuamua, hakuwepo. Ndani, mama alikuwa ameanza kuita jina, na mwenye jina alikuwa ameketi kwenye tofali anatazama viatu vyake.

Akatoa kipaza sauti kwenye mkoba.

Gwamaka alikaa karibu akimsahihisha, kwa maana hakuna aliyejua kama yeye kitakachowachosha wachezaji. “Sema anarudiarudia,” alinong'ona. “Wanachukia kurudiarudia.” Tusekile akasema. Alisema alirudi kwa karani akamminya upya, akagundua machozi yale ni yale yale, jina lile lile, mchezo ule ule wa furaha, kitu cha kuandikwa kwa mkono na kijana mjanja aliyewahadaa wote akiwemo yeye. Aliomba radhi kwa kuipandisha. Alisema amechoka kuizungumzia, na kwa makusudi akapiga miayo katikati ya sentensi. “Yule mama ni karatasi,” alimalizia. “Twendeni kwenye gemu nyingine.”

Wakamwamini. Domo lake lilikuwa halijawahi kuwadanganya, basi wakamwamini palepale, wakamwandama Gwamaka kwa matusi kwa muda mfupi, kisha wakamsahau. Mchezaji akisikia kitu kimepitwa huona haya kukutwa nacho.

Kilichokuwa kigumu kilikuja baadaye. Banda la chai lilipobaki tupu, Tusekile alishika miwani yake mara nyingi, akitaka kuingia akae tu na karani, amletee majani makavu apime, asimwambie lolote. Lakini mchezaji mmoja anatosha kuiweka gemu wazi. Kila dakika ya huruma yake ingekuwa dakika nyingine ya punje kurudisha. Akaiweka miwani kabatini, akamwacha mama yule mle ndani peke yake na mvua, hana wa kumpimia, mpaka Kinu ilipoilaza gemu.

* * *

Punje iling'olewa Mbeya na daktari asiyependa kuulizwa maswali. Bi Subilaga alilala sana baada ya hapo, na alipoamka hakulia. Gwamaka alimpigia simu Tusekile akapiga kelele za furaha mpaka simu ikakwaruza: mama amekunja mikeka, mama ameomba ndizi na nyama, mama anafoka kwamba jiko ni chafu. Njoo, dada, njoo ule.

Tusekile alikwenda amebeba kuku. Mama alimpokea mlangoni, nywele zimeanza kuota, mashavu yamerudi.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, binti. Karibu. Ni mgeni wa nani?”

Alimwangalia moja kwa moja na sauti ile haikumwambia kitu. Tusekile alishusha pumzi aliyokuwa ameibana tangu siku ile ya mikeka. Wakala wote watatu mezani, mama akisimulia habari za makarani wa zamani na wakulima waliokuwa wakificha mawe kwenye magunia, na Gwamaka akicheka mahali ambapo alikuwa akicheka tangu utotoni. Alicheka kwa sauti kubwa mno. Alikuwa anangoja mama amwite kwa jina.

Chakula kilipokwisha, Bi Subilaga alifuta mikono, akamgeukia kijana. Uso wake ulikuwa mtulivu kabisa.

“Nawe baba, nimekuwa nikitaka kukuambia. Mtoto wangu alipofariki ni wewe uliyenishika. Hukuwa ndugu wala jirani, na hukunikimbia. Sasa nimepona, naweza kujipikia.” Akamwekea mkono begani. “Mama yako yuko hai?”

Gwamaka aliangalia meza. “Yuko hai.”

“Basi nenda kwake. Umekaa kwangu mno, na yeye huko hajui uko wapi. Mimi najua ilivyo. Usimfanye asubiri. Mwambie Subilaga wa Tukuyu anamshukuru kwa kumzaa mtu kama wewe.”

Tusekile alitaka kusema kitu. Yeye, aliyekuwa na la kusema juu ya kila kitu, hakupata hata neno moja ambalo hakuwa ameshaliharibu.

“Nitamwambia, mama,” alisema Gwamaka. Akainuka, akakusanya sahani, akaenda kuziosha.